Nani Alikuambia? Kufunza Utafiti katika Sekondari za Ikutha

Insha nyingi za wanafunzi kuhusu historia ya Ikutha, Kitui, huanza kwa sentensi inayofanana na hii: "Wamishenari wa Kijerumani walifika Ikutha mwishoni mwa karne ya 19." Sentensi hiyo ni ya kweli. Ila mwulize mwandishi wake nani alimwambia, naye atajibu "ni kwa intaneti" au "ni kwa kitabu", na mazungumzo yataishia hapo. Shule nyingi huliona jambo hili kama utovu wa nidhamu, na dawa yake huwa ni onyo: usinakili, usiibe kazi ya wengine. Mimi naliona kama pengo la ufundi. Mwanafunzi hajaonyeshwa chanzo hushikwa vipi, na onyo halimfunzi mtu ufundi.

Kenya tumeshaona mlinzi anaweza nini na hawezi nini. Mwaka 2016, baada ya udanganyifu uliokithiri katika mitihani, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i na mwenyekiti wa KNEC, George Magoha, walikaza ulinzi wa karatasi za mtihani wa KCSE. Gredi za A zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141. Ulinzi huo ulikuwa wa lazima. Lakini karatasi hulindwa kwa kufuli na askari, na utafiti hauna kufuli. Mwanafunzi yuko nyumbani wakati wa mapumziko ya kati ya muhula, ana daftari, labda simu ya dada yake, na hakuna anayemwona. Atakachokifanya pale kitategemea alichozoezwa kufanya.

Njia ninayoitetea inasimama juu ya wazo moja: kutaja chanzo ni kumpa mwenzako anwani, na anwani ni nzuri ikiwa tu mwenzako anaweza kuifuata akafika. Kwa hiyo anayekagua marejeleo awe mwanafunzi mwingine kwanza, kabla ya mwalimu. Anapewa karatasi ya mwenzake, anachagua madai mawili, anakwenda kuvitafuta vyanzo vyake. Akifika, anaandika "nimepata". Asipofika, karatasi inarudi kwa mwenyewe. Hakuna alama nyekundu wala aibu mbele ya darasa. Kazi haijakamilika, basi. Mwanafunzi ambaye anwani yake imerudishwa mara moja huandika ukurasa, mwaka na jina la mtu bila kusukumwa.

Ikutha ina malighafi zaidi ya zoezi hili kuliko miji mingi mikubwa, na ajabu ni kwamba haitumiki. Anza na mlima. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, mmishenari Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya ukiwa na weupe kileleni. Alikuwa amekwisha kuusikia kwa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba, ambaye aliwahi kufika upande wa kule. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, tarehe 11 Mei 1848, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikataa. Theluji karibu na ikweta, kwake, ilikuwa ni macho ya wamishenari kuwadanganya. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa na vitabu vingi, alivisoma kwa bidii, na mwaka 1852 alichapisha kitabu kizima kuhusu bara la ndani akiushikilia msimamo wake. Msafiri Mjerumani von der Decken alipopanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862 theluji ilithibitishwa, na mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson akauona Mlima Kenya kwa macho yake.

Kisa hiki ningekifundisha katika wiki ya kwanza, kabla ya mwanafunzi kuambiwa lolote kuhusu koma na mabano ya marejeleo. Vidato vyetu vimekaririshwa kwamba kuna vyanzo vilivyoandikwa, visivyoandikwa na vya kielektroniki. Mada hiyo imo mwanzoni kabisa mwa silabasi ya Historia na Serikali, na wanafunzi huijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini orodha ile haisemi chanzo kilisimama wapi. Mwulize mwanafunzi: kati ya Cooley, Krapf na Kivoi, nani alikuwa karibu zaidi na mlima? Cooley ana marejeleo mengi na hajaona. Krapf ameona kwa mbali. Kivoi ameona kwa karibu na hakuandika neno. Anayejua kwa kuona ndiye asiye na kitabu. Tena, jina la Kivoi tunalo leo kwa kuwa Krapf aliliandika. Angeweza kuandika "mwenyeji mmoja aliniambia", kama walivyofanya wengi waliomfuata, nasi tusingemjua aliyekuwa wa kwanza kusema.

Kutoka hapo mwanafunzi hatumwi kwenye intaneti. Anatumwa kwa mzee. Sababu si mapenzi ya mila tu, ingawa nayo nayathamini. Mzee ni chanzo kinachoweza kuulizwa tena, na mwanafunzi hawezi kumnakili na kumbandika. Lazima asikilize, aandike, arudi amsomee alichoandika. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alizikusanya hadithi za Wakamba na kuzitoa katika kitabu kilichochapwa na Oxford mwaka 1966. Hadithi zilezile husimuliwa jikoni kwa nyanya zetu. Tofauti ni kwamba Mbiti alikaa na karatasi.

Hapa ndipo mahali penye utajiri na penye mitego, nami nitakaa kidogo. Uliza mzee wa Ikutha alizaliwa lini, na mara nyingi jibu litakuja kwa jina la njaa. Wakamba huzipa njaa majina. Ngomanisye ni ile ya 1898 na 1899, iliyoenea kila pahali. Ya 1961, ambapo chakula kilidondoshwa na ndege na baadaye mafuriko yakafuata, inaitwa Ndeke na Mafuriko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na Nikw'a Ngwete: nakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa sababu watu walikuwa na hela na sokoni hamna nafaka. Mwanafunzi akisikia "nilizaliwa wakati wa Ndeke" ataandika haraka "Mzee alizaliwa mwaka 1961". Hapo ameshafanya kosa la utafiti, hata kama mwaka ni sahihi, kwa sababu mzee hakusema 1961. Mwaka umetoka kwa mwanafunzi, au kwa kitabu alichosoma, na msomaji hawezi kujua.

Dawa yake ni mstari mmoja wa rula katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto: "Alichosema". Kulia: "Ninachokadiria, na kwa nini". Kushoto itaandikwa "Wakati wa Ndeke mama alikuwa na mimi mgongoni." Kulia: "Kama alibebwa mgongoni, huenda alizaliwa 1959 hadi 1961. Mwaka wa Ndeke nimeutoa kwa kitabu fulani, ukurasa fulani." Na Nikw'a Ngwete ni bora zaidi kwa zoezi, maana wapo wanaoiweka 1980 au 1981 na wapo wanaoipeleka hadi ukame mkubwa wa 1984. Wanafunzi wawili kutoka vijiji viwili wakirudi na miaka miwili tofauti, mwalimu asiwasuluhishe. Awaache waandike yote mawili, pamoja na aliyesema na kijiji chake. Huo ndio utafiti wenyewe. Jibu moja safi lililopatikana kwa kumnyamazisha mmoja wao lisingekuwa na thamani yoyote.

Jambo moja halina mjadala: ruhusa. Mwanafunzi aanze kwa kujitambulisha, ataje shule yake na mzazi wake, aseme kazi hiyo ni ya nini, kisha aulize kama jina la mzee linaweza kuandikwa. Mzee akikataa, aandike "mkulima wa Ikutha, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, aliyeomba asitajwe", na mwalimu peke yake abaki na jina. Maswali ya mipaka ya mashamba yaachwe kabisa. Daftari la mtoto lisije likawa ushahidi katika kesi ya ardhi.

Baada ya mzee ndipo kitabu, na kwa kitabu Ikutha ina kisa kingine. Walutheri wa Bavaria walifika pwani mwaka 1886 na kuanzia Jimba, karibu na Rabai. Kutoka huko wakaingia bara, na mapema miaka ya 1890 wakafungua kituo Ikutha, ambacho baadaye kilikuwa chini ya Misheni ya Leipzig. Ng'ambo ya mto Athi, Waskoti walikuwa wamefungua chao Kibwezi mwaka 1891, kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, na vituo vyao vya Ukambani vikaenda kwa Africa Inland Mission. Kazi za Wajerumani hao zimebaki: mmoja wao, Johannes Hofmann, alichapisha Leipzig mwaka 1901 maandishi kuhusu kuzaliwa, ndoa na kifo kwa Wakamba, mwingine, Ernst Brutzer, aliandika juu ya lugha ya Kikamba. Kisha akaja Msweden, Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912. Kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilitoka Uppsala mwaka 1920, naye akawatumia wamishenari hawa kama vyanzo. Kitabu hicho kinasomeka bure mtandaoni, kwa Kiingereza. Cha Hofmann ni cha Kijerumani.

Sasa mtazame mwanafunzi mwerevu. Anasoma Lindblom, anaona jina la Hofmann likitajwa kuhusu desturi fulani ya ndoa, na kwenye insha yake anaandika: "Kwa mujibu wa Hofmann (1901)..." Insha inapendeza. Mwalimu anafurahi, maana hakuna mwenzake darasani aliyetaja kitabu cha 1901. Lakini mwanafunzi huyo hajamwona Hofmann, na hata angemwona hajui Kijerumani. Ameongopa, na hajui kama ni uongo, kwa sababu kila neno aliloliandika ni la kweli isipokuwa alipokuwa amesimama mwenyewe. Kauli sahihi ni ndefu na haina urembo: "Hofmann (1901), kama alivyotajwa na Lindblom (1920)", na ukurasa wa Lindblom. Nikipewa nafasi ya kufunza kanuni moja tu ya kurejelea katika miaka yote ya sekondari, ningefunza hii. Taja kile ulichokishika mkononi. Mengine yote, nukta iende wapi na mwaka uwe kabla au baada ya jina, mwanafunzi atayapata chuoni katika mwongozo wowote atakaopewa.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa picha. Picha za vituo vya Leipzig, Ikutha ikiwemo, zimewekwa kwenye hazina ya kidijitali ya picha za wamishenari katika Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na zinaonekana bila malipo. Kwa kuwa simu haziruhusiwi kwa wanafunzi shuleni, mwalimu achape moja pamoja na maelezo yake. Tarehe yake haitakuwa siku wala mwezi. Mara nyingi ni kipindi cha miaka, cha kukadiria. Darasa liulizwe: nani aliipiga, nani aliandika maelezo ya chini, nani aliikadiria tarehe? Huenda ni watu watatu tofauti waliotenganishwa na miongo mingi. Na wale Wakamba waliosimama mbele ya kamera wanaitwa nani? Mara nyingi hawana majina. Mwanafunzi aliyekwisha kuomba ruhusa ya kuandika jina la mzee wake ataliona pengo hilo upesi.

Twende kwenye kunakili kwenyewe, ambako walimu wengi wanakata tamaa. Kosa kubwa hapa si kubeba aya nzima. Hilo hugunduliwa haraka. Kosa ni kubadilisha maneno. Nitatunga sentensi ya mfano: "Bwawa la mchanga huhifadhi maji ndani ya mchanga wa mto wa msimu, mbali na jua, hivyo maji hayo hayakauki haraka." Mwanafunzi anaandika: "Lambo la mchanga hutunza maji katika mchanga wa mto usiotiririka daima, mbali na miale, kwa hiyo hayanyauki upesi." Amefanya kazi ya kutafuta visawe. Mpangilio wa wazo ni uleule, na katika kubadilisha ameharibu, kwa maana maji hayanyauki. Anayefanya hivi huamini kwa dhati kwamba ameandika kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa: tumia maneno yako.

Mwambie afunge kitabu. Amgeukie mwenzake amweleze kwa Kikamba kwa nini maji ya bwawa la mchanga hayakauki. Watoto wa Ikutha na Mutomo wamechota maji kwa kufukua mchanga wa mto. Maelezo yatakuja na visima vya kuchimba kwa mikono, ng'ombe, na mwezi wa Septemba. Kisha aandike kwa Kiswahili au Kiingereza kile alichosema, na mwishoni afungue kitabu ahakiki kama hakupotosha. Kuvuka lugha kunamlazimisha aelewe kwanza. Akikwama katika Kikamba, basi hakuwa ameelewa Kiingereza, na ni heri hilo lijulikane pale kuliko kwenye insha. Shule zinazomwadhibu mwanafunzi kwa kuzungumza lugha ya nyumbani zinajinyima chombo hiki cha bei rahisi kabisa.

Ila kuvuka lugha kuna mtego wake, na huu unawahusu hata waandishi wazima wa Kiswahili. Aya ya Kiingereza iliyotafsiriwa kwa Kiswahili bado ni ya mwenyewe. Nimesoma makala nyingi mno za magazetini ambazo ni tafsiri tupu ya habari ya kigeni na hazina jina la mwandishi wa kwanza. Mwanafunzi aelezwe waziwazi kwamba deni haliishi kwa kubadilisha lugha. Akitumia programu ya kutafsiri kusoma ukurasa wa Hofmann, aandike hivyo pia: nimesoma tafsiri ya mashine.

Programu za akili unde zinastahili aya moja, si zaidi, kwa sababu jibu lake liko tayari katika zoezi la anwani. Programu hizi huweza kutunga rejeleo lenye jina la mwandishi, mwaka na mchapishaji, na kitabu chenyewe hakipo duniani. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca huko New York, mawakili waliwasilisha hukumu za zamani zilizobuniwa na ChatGPT na wakatozwa faini ya dola 5,000. Walikuwa watu wenye shahada. Mwanafunzi ambaye mwenzake atakwenda kutafuta kitabu alichokitaja hatathubutu kukiandika kabla ya kukiona.

Wapo watakaosema haya ni ya vyuo vikuu. Jirani zetu wa Machakos na Makueni wanatoa jibu. Mwaka 1937 ofisa wa kilimo R. O. Barnes alipiga picha za mmomonyoko wa udongo Ukambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirudi katika sehemu zilezile za Machakos, ambayo kabla ya 1992 ilikuwa na Makueni ndani yake, wakapiga picha upya. Watu walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mapema miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, lakini vilima vilivyokuwa vipara vilionekana vikiwa na matuta na miti. Kitabu chao cha 1994 kilijulikana duniani kote. Mwaka 1999 John Murton, aliyefanya utafiti Mbooni, akaandika kwamba faida ile haikuwafikia wote sawa, na kwamba maskini walikuwa wakiachwa nyuma. Picha hizo ziliweza kulinganishwa kwa sababu mahali aliposimama Barnes paliweza kutambuliwa. Mwanafunzi wa Ikutha anaweza kusimama kwenye ukingo wa korongo, akaandika kijiji, alama ya karibu na upande aliotazama, akapiga picha moja au akachora. Hilo halihitaji chuo kikuu.

Nafasi ya kufanya haya ipo sasa. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027, na Gredi ya 10 ya sekondari pevu ina somo la mafunzo kupitia huduma kwa jamii, ambalo linamtaka mwanafunzi atafute tatizo la kwao, alichunguze na alifanyie kazi. Hofu yangu ni kwamba litaharibika kama ilivyoharibika miradi ya somo la Kompyuta, ambayo tunajua huuzwa ikiwa imekamilika na huwasilishwa na mtu asiyeweza kuieleza. Tena nchi hii ina vijana wengi wanaolipwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Profesa Patricia Kingori wa Oxford amelifuatilia jambo hilo hadi likawa filamu mwaka 2024. Uwezo wa kuandika upo, na mwingi. Kinachonunuliwa ni bidhaa iliyokamilika, na kazi itanunuliwa maadamu alama zinatolewa kwa bidhaa iliyokamilika.

Basi alama ziende kwenye njia. Katika kumi, ningetoa nne kwa insha na sita kwa daftari: ukurasa wenye mstari katikati, ruhusa ya mzee, rejeleo lililofuatwa na mwenzake, na mahali ambapo mwanafunzi alibadilisha mawazo akaonyesha kilichombadilisha. Daftari la aina hiyo ni gumu kununua. Lina wino wa aina mbili, lina jina la mtu ambaye mwalimu anaweza kumwuliza siku ya soko, na lina makosa yaliyokatwa. Kusahihisha hamsini ya aina hiyo ni kazi nzito, nakubali, na ndiyo maana ukaguzi wa mwenzake ni muhimu: mwalimu anasoma yale yaliyokwisha kupita tu.

Madaftari yenyewe yasitupwe mwisho wa mwaka. Yawekwe kwenye rafu ya maktaba, yakiwa na majina ya waandishi na mwaka, isipokuwa zile kurasa ambazo wazee waliomba zisionekane. Na kazi ya kwanza ya Gredi ya 10 inayofuata iwe kuchukua daftari moja la waliotangulia, kufuata vyanzo vyake kimoja baada ya kingine hadi kwa mzee aliyetajwa, na kuandika pembeni, kwa tarehe na jina, kipi wamekipata, kipi hawakukipata, na mzee amesema nini safari hii.